Juu ya Mitambo ya Kale na Maneno ya Wauzaji

Wachache wetu watanunua kamwe mtambo wa kale uendeshwao kwa hewa ya moto. Hata hivyo biashara yake yaleta swali litupasalo sote. Mtambo huo hauna birika la mvuke: hewa iliyofungwa ndani ya silinda hupashwa moto, ikatanuka na kuisukuma pistoni, kisha hupoa na kusinyaa, na gurudumu huzidi kuzunguka. Jina kubwa katika uvumbuzi huu ni la mchungaji, Robert Stirling wa Uskoti, aliyepata hati ya kuulinda mwaka 1816, mwaka ule ule alipowekewa mikono. Baadaye viwanda vya Nürnberg, kama kile cha Ernst Plank, vilitengeneza mitambo midogo ya namna hiyo iwe michezo ya watoto.

Siku hizi mitambo hiyo huuzwa katika minada ya intaneti, na ya kale yaweza kuwa na bei kubwa. Basi wako watengenezao mipya na kuipaka uzee. Mnunuzi ana picha tu, na maneno ya muuzaji.

Wajuzi hutazama skurubu kwanza. Zile zenye alama ya msalaba kichwani hazikuenea viwandani kabla ya miaka ya 1930. Zikionekana katika mtambo usemwao kuwa wa 1890, pana neno la kuuliza. Hutazama na kutu. Iliyoletwa kwa tindikali huenea pote sawasawa, bali ile ya miaka mingi hukaa penye unyevu, ikapaacha palipopata mafuta na mikono ya watu. Walakini skurubu moja mpya yaweza kuwa kazi ya fundi mwaminifu aliyeuponya mtambo wa kale. Amwitaye muuzaji mwongo kwa ajili ya hiyo peke yake, na aiangalie amri ya nane.

Kuiga si dhambi. Mtambo mpya uliochorwa mwaka wake halisi ni kazi ya heshima. Lakini twamwonaje yule asemaye, “Sijui umri wake, niliukuta katika nyumba ya marehemu,” naye hataki kuufungua asije akaona asilolipenda? Hakusema uongo hata neno moja. Ila bei aliyoiandika ni bei ya mtambo wa kale, nayo yasema kwa niaba yake. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, alipoieleza amri ya saba, aliihesabu bidhaa ya uongo pamoja na wizi. Nasi twaona ujinga wa kujitakia hauiondoi bidhaa hiyo katika hesabu.

Wengine hujibu kwamba mnunuzi ni mtu mzima, na atazame mwenyewe. Sokoni neno hilo lina nguvu, maana huko aweza kukigeuza kitu na kukigonga. Katika intaneti huona yale tu aliyochaguliwa kuonyeshwa. Muuzaji amekuwa macho ya mnunuzi, na macho hayana ruhusa ya kufumba upande mmoja. Yampasa kupiga picha ya chini ya mtambo pia, skurubu mpya ionekane, aandike alijualo na asilolijua, kisha ndipo ataje bei. Huenda ikashuka sana, nasi hatuwezi kumwahidi kwamba atapata mnunuzi upesi.