Ni Nani Aliyelipia Nguo Hii?

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 28:2, Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, Matendo 9:36-42, Yakobo 5:1-6.

Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Hawakuhitaji kueleza sana. Nguo zenyewe zilikuwa ushuhuda, na kila mjane alimjua aliyemshonea ya kwake.

Siku hizi ni mara chache mtu anayevaa shati kumjua aliyelishona. Kati ya mvaaji na mshonaji kuna bahari, bandari, maghala na maduka. Hapo ndipo linapozaliwa swali la somo hili: je, Mkristo ana wajibu kwa jirani asiyemwona, ambaye wameunganishwa naye na uzi tu?

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza, huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Waliogopa, ila mshahara wao ulikuwa mikononi mwa wale waliowaamuru. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na zaidi ya 2,000 walijeruhiwa. Katika kifusi zilipatikana lebo za nguo zilizokuwa zikishonwa kwa ajili ya maduka ya nchi tajiri.

Yakobo aliwaonya matajiri wa siku zake kwamba malipo waliyowanyima vibarua wao hayakupotea kimya kimya; Mungu alikuwa amekwisha kuyasikia. Onyo hilo linafafanua jambo ambalo soko hulificha. Nguo ya bei rahisi si lazima iwe imegharimu kidogo. Mara nyingi sehemu ya gharama yake imebebwa na mtu mwingine, au na ardhi. Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito yake ilielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, na leo sehemu kubwa ya ziwa hilo ni jangwa la chumvi. Wavuvi wa huko waliilipia pamba ambayo hawakuivaa.

Je, basi, kosa ni kupenda nguo nzuri? Wako wanaofikiri hivyo. Lakini Mungu mwenyewe aliagiza mavazi ya Haruni yawe ya utukufu na ya kupendeza, akawapa mafundi hekima ya kuyatengeneza. Uzuri haukuwa dhambi hapo, wala si dhambi leo. Dhambi ni uzuri unaomwacha jirani chini ya kifusi.

Wako watu ambao wameifanya tofauti hiyo kuwa kazi yao. Baada ya maafa ya Rana Plaza, Carry Somers na Orsola de Castro walianzisha huko Uingereza harakati iitwayo Fashion Revolution. Waliwafundisha wanunuzi kuyauliza makampuni swali moja: ni nani aliyeshona nguo zangu? Tangu mwaka 1997 de Castro alikuwa akibuni mavazi kutokana na mabaki ya vitambaa yaliyokataliwa na viwanda. Hakuwaambia watu wavae magunia. Alionyesha kwamba kilichotupwa, kikipata mkono wa fundi, hupendeza. Mafundi wa Gikomba, Nairobi, hufanya kazi ya namna hiyo kila siku: hufungua mishono ya mitumba, hupunguza, huunganisha, na gauni lililochakaa hurudi barabarani likiwa jipya.

Hata hivyo, kuna mtego hapa pia. Tarehe 25 Novemba 2011, kampuni ya Patagonia ya Marekani ilitangaza katika gazeti la New York Times picha ya jaketi yake, ikiwaambia wasomaji wasilinunue. Ilieleza kwamba ingawa asilimia 60 ya poliesta yake ilitokana na vitu vilivyokwisha kutumika, kulitengeneza kulihitaji lita 135 za maji. Jambo la ajabu ni kwamba mauzo ya kampuni hiyo yaliendelea kukua. Mtu anaweza kuambiwa ukweli akaufanya sababu ya kununua zaidi. Nguo iliyotengenezwa kwa uangalifu bado imechukua kitu katika dunia, na lebo njema haigeuzi tamaa kuwa uwakili.

Tena, maskini afanye nini? Mama mwenye watoto watatu hawezi kuchunguza kiwanda cha kila sare anayonunua. Wala asihukumiwe. Anaponunua mtumba, akaushona kiraka, akamrithisha mdogo kutoka kwa mkubwa, anatunza uumbaji kuliko mwenye kabati lililojaa nguo kumi mpya zenye lebo njema. Uwakili hupimwa kwa kile ambacho mtu anacho mkononi.

Mwenye uwezo wa kuchagua ana wajibu mkubwa zaidi, lakini wajibu huo si kumkimbia mshonaji. Wateja wote wakitoweka, mwanamke wa Dhaka atabaki na usalama bila chakula. Baada ya Rana Plaza, makampuni zaidi ya 200 yalitia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi, na viwanda zaidi ya 1,500 vikakaguliwa. Makampuni yalisukumwa na watu walioendelea kuuliza, na ambao hawakuridhika na ukimya.

Kununua vichache, kuvitunza, kuvitengeneza vinapochanika, na kuuliza vilitoka wapi: hayo ni mambo madogo. Lakini ndiyo yanayomrudisha mshonaji machoni pa mvaaji, kama vile Dorkasi alivyokuwa machoni pa wajane wa Yafa. Waliposhika kanzu zile, hawakuona kitambaa tu. Walimwona mtu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chagua nguo moja uliyovaa leo. Unajua nini kuhusu mtu aliyeishona? Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 inakudai nini kwake?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Dhambi ni ya mwenye kiwanda, mimi nimenunua tu." Mwingine anasema kila mnunuzi ana hatia. Kila mmoja wao amekosea wapi, na ana ukweli gani?

3. Marobota ya mitumba huleta nafuu kwa familia nyingi, lakini pia huleta nguo zisizofaa ambazo huishia jalalani. Kanisa lenu linaweza kufanya nini, hasa Chama cha Dorkasi, ili msaada wa nguo uwe wa heshima kwa anayeupokea na usiwe mzigo kwa ardhi?