Saa 68 za Jenerali China

Kitabu chenyewe nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kando ya barabara jijini Nairobi, jalada limeshang'oka. Nilikifungua katikati nikakutana na ugomvi. Pale mwandishi anapoeleza yaliyomkuta baada ya kukamatwa, mtu ameandika pembeni kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: UONGO. Chini yake mwingine amemjibu kwa penseli: Ulikuwepo? Nikalipa bila kuomba nipunguziwe.

Ni Mau Mau General, kumbukumbu za Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China huko msituni. Kilitoka mwaka 1967. Mzaliwa huyu wa Nyeri alipelekwa Burma na jeshi la mkoloni katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye magarimoshi, kisha mwaka 1952 akaingia msituni na Mau Mau kupigana na mkoloni. Yeye ndiye aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya wakati Dedan Kimathi akiwa upande wa Nyandarua.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi ya koo, akakamatwa. Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Ofisa wa upelelezi, Ian Henderson, Mzungu aliyekijua Kikuyu kama waliozaliwa nacho, alimhoji kwa saa 68. Februari akahukumiwa kunyongwa. Hakunyongwa. Hukumu ilibadilishwa, naye akakubali kuwaandikia barua wenzake waliobaki msituni ili wazungumze na serikali. Mazungumzo yakaanza, lakini Aprili mwaka huohuo askari wakapambana na kundi la wapiganaji, watu wakafa, yakavunjika. Kimathi alipandishwa kitanzini tarehe 18 Februari 1957. China aliachiliwa mwaka 1962, na baada ya uhuru akawa naibu mkurugenzi wa shirika la vijana wa huduma kwa taifa, NYS.

Kwa hiyo kuna wazee ambao ukiwatajia jina la China hutema mate kwanza ndipo wakujibu. Wengine humtetea mpaka mishipa ya shingo isimame.

Mimi nina maoni yangu. Maelezo ya mahojiano yale yamechapishwa; mwanahistoria Myles Osborne aliyatoa kitabuni mwaka 2015. Ukiyasoma sambamba na kumbukumbu za mwenyewe, unaona kwamba alisema, tena mengi, kuhusu vikosi vyake na jinsi vilivyopangwa. Kwenye kitabu chake mambo hayo yanakuwa mepesi, kana kwamba alikuwa akimchezea shere yule Mzungu. Aliyeandika UONGO hakukosea sana.

Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu ana tundu la risasi shingoni, kitanzi kinamngoja, na anayemhoji anamsemesha kwa lugha ya mama yake. Mimi nikishikwa na trafiki kwa kosa dogo barabarani huanza kujieleza kabla sijaulizwa. Siwezi kukaa kwenye kiti hiki nikampimia mwingine saa zake.

Kuna mzee wa kwetu, sasa ni marehemu, aliyekuwa msituni. Kitabu hakuwahi kukisoma kwa sababu kiko kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliisikia zaidi ikimtukana. Siku moja niliketi naye nikawa namsomea huku namtafsiria, yeye akipukuchua mahindi. Nilipofika kwenye zile barua nikapunguza sauti, nikitazamia mlipuko. Mzee akaendelea na gunzi lake. Mwishowe akaniuliza: "Huyo aliporudi alikuta shamba lake?"

Sikuwa na jibu. Mzee mwenyewe alirudi kutoka kizuizini akakuta ardhi imeshapimwa na kugawanywa upya wakati yeye amefungiwa, na kipande kizuri kimeangukia kwa homugadi, mlinzi wa upande wa mkoloni. Kwa maisha yake yote yaliyobaki alilima mahali pa mawe. Kumbe hasira yake kwa China haikuwa ya kurasa nilizokuwa nikimsomea. Wote wawili walikula kiapo. Mmoja akapata ofisi na mchapishaji, mwingine akapata mawe.

Tena mzee angemjibu China wapi? Mau Mau ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1950, na sheria hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Itote alipochapisha kitabu, chama alichokipigania kilikuwa bado haramu katika nchi huru. Wakongwe wenzake hawakuweza hata kusajili chama cha kukutania, na wengi wao hawakupata nafasi ya kuandika kitabu cha kumpinga. Walimjibu vilabuni na kwenye matanga, na majibu hayo yamezikwa pamoja nao. Itote naye alifariki mwaka 1993, marufuku ikiwa palepale.

Huwa najiuliza yule wa kalamu ya bluu alikuwa nani. Mwandiko wake ni wa mtu aliyesoma kidogo na kwa shida, herufi zimekandamizwa hadi karatasi imetoboka kwenye O ya mwisho. Laiti angeendelea kuandika.

Ukiwa na bibi au babu aliyeyaona mambo hayo na bado anapumua, mwendee Jumapili hii. Washa kinasa sauti cha simu yako, uiweke mezani, umwache aseme. Swali la kwanza lisiwe juu ya China. Anza na shamba.