Bondia Hupimwa kwa Aliyesimama Mbele Yake

Ubishi wa nani ni bondia wetu mkubwa kuliko wote ukiwaka vijiweni Maili Moja, Kibaha, hauzimiki mpaka bodaboda wote wapate abiria. Vijana wanamtaja Hassan Mwakinyo wa Tanga, na ushahidi wanao kwenye simu: Septemba 8, 2018, Birmingham, Uingereza, alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili. Eggington alikuwa kwao, mbele ya watu wake, aliwahi kuwa bingwa wa Ulaya, na Mwakinyo aliitwa dakika za mwisho kama mtu wa kukamilisha ratiba tu.

Ukienda Kisarawe ukakaa na wazee wanaopenda ngumi, jina linabadilika. Kwao mkubwa ni Titus Simba. Hawana video ya kukuonyesha. Wana medali ya fedha ya uzito wa kati, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970.

Kijana atadakia: fedha si maana yake alipigwa fainali? Ndiyo, alipigwa. Lakini aliyempiga ni John Conteh, na mwaka 1974 Conteh huyohuyo akawa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito ambao wakati huo ulifuata chini ya ule wa juu kabisa. Kwa hiyo kila miaka ilivyokwenda, kushindwa kwa Simba kulizidi kupanda thamani. Hilo wazee wanalijua vizuri: ukitaka kujua urefu wa mtu, angalia aliyesimama mbele yake. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, lakini kuna siku ukuta wenyewe ndio unaosema aliyeupiga alikuwa nani.

Tena Simba alipigana ngumi za ridhaa, raundi tatu, bila promota wala mkanda wa kuweka begani. Mwakinyo anapigana ngumi za kulipwa, raundi nyingi, na mshahara wake uko kwenye mikono yake. Kuwalinganisha kana kwamba walikuwa na kazi moja ni kuwaonea wote wawili. (Dhahabu ya Madola aliileta Michael Yombayomba kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na ajabu ni kwamba kwenye ubishi huu hakuna upande unaomkumbuka.)

Wazee wana kipimo cha pili pia: Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii ya Kisarawe na Kibaha, hawakumpima mvulana jandoni kwa ubabe. Walimpima kwa namna alivyobeba maumivu bila kuyatangaza. Hapo ndipo kipimo kinapomgusa Mwakinyo. Septemba 2022 huko Liverpool alisimamishwa na Liam Smith raundi ya nne, kisha yakafuata maelezo ya viatu na kifundo cha mguu. Huenda yalikuwa kweli tupu. Ila asiyekubali kushindwa si mshindani, na maelezo, hata yakiwa ya kweli, huwa hayasikiki vizuri yakitoka kwa aliyepigwa.

Nisimwonee, lakini. Waliomcheka wiki ile ni walewale waliomwimba miaka minne nyuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tunasema, na lawama tunamtupia mgema peke yake. Wanywaji waliomlewesha kwa sifa hatuwaulizi. Mwakinyo aliyabeba matusi yale akarudi ulingoni, na kurudi huko nako ni ukubwa.

Nikibanwa nichague, usiku wa Birmingham ndio ushindi ninaoupenda kuliko mwingine wa bondia wetu ugenini. Ila kwa kipimo cha wazee, yaani nani alisimama mbele yako na uliyabeba vipi maumivu, nampa Simba, kwa kidogo tu.

Kinachonisumbua ni kwamba upande mmoja una picha na mwingine una midomo, na midomo inapungua. Mzee wa Kisarawe unayemkumbuka Simba, simulia sasa. Nawe kijana wa Maili Moja, simu hiyohiyo inayokuonyesha Mwakinyo ina kitufe cha kurekodi. Mfuate mzee, ukae, umrekodi.