Shida ya Msafiri si Bidhaa

Wahenga wetu walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Walilisema neno hili zamani, wakati safari zilipokuwa za miguu na za majahazi, na labda wako wadhanio kuwa limepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi twasafiri katika magari yaendayo upesi juu ya lami. Lakini mwulizeni mtu yeyote aliyepata kuharibikiwa na gari mbali na kwao. Atawaambia kwamba ilitosha mpira mmoja kukatika ndani ya injini, naye akawa maskini papo hapo, hata kama mfukoni alikuwa na fedha.

Wapenzi wasomaji, leo twataka kutafakari pamoja nanyi juu ya mtu huyo, na juu ya sisi tunaompita njiani. Swali letu ni moja: je, shida ya msafiri ni mali ya yule anayemkuta?

Tuseme baba mmoja ametoka Njombe na lori lake, nalo lavuta tela. Amebeba viazi vinavyongojewa Morogoro. Amefuatana na mke wake, mtoto wao mdogo, na utingo. Wamepita Mikumi, mji ule mdogo wa Wilaya ya Kilosa ambapo barabara itokayo Kilosa huungana na barabara kuu iendayo Zambia, nao wameingia katika Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu yapita ndani ya hifadhi hiyo kwa kadiri ya kilomita 50. Huko hapana kijiji wala duka wala karakana. Pana mbuga, pana ile miti mirefu iitwayo mikumi iliyopapa mahali pale jina, na pana wanyama. Jua limekwisha kuinama. Injini yakohoa mara mbili, kisha yanyamaza.

Mtu huyu sasa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hawezi kwenda kwa miguu kutafuta msaada, maana huko ni makao ya tembo, nyati na simba. Hawezi kuliacha lori, kwa sababu viazi vile amevikopa kwa wakulima, na tela ni la kukodi. Simu anayo, lakini fundi anayemfahamu yuko Njombe. Magari yapita. Mengine yapiga honi tu. Mwishowe lori moja lasimama, na dereva wake, kijana mwenye nguvu, ashuka akiwa na mnyororo mkononi.

"Shikamoo mzee. Poleni na safari."

"Marahaba mwanangu. Tusaidie kutuvuta mpaka Mikumi. Utatudai kiasi gani?"

Kijana amtazama mama na mtoto, alitazama jua, kisha ataja kiasi ambacho ni mara kumi ya malipo ya kawaida. Mzee ashtuka. Kijana ajibu kwa upole, bila hasira: "Mzee, hapa ni porini. Bei ya porini si bei ya mjini."

Mzee akubali. Atafanya nini? Lori lavutwa, familia yalala salama Mikumi, na kijana ashika safari yake akiwa na fedha nyingi. Je, ametenda haki?

Wengi watasema ndiyo, ametenda haki, tena ametenda wema. Watatuuliza: alimlazimisha nani? Si alitaja bei, na mwenziwe akakubali kwa hiari? Si wengine wote walipita bila hata kusimama? Maneno haya yana nguvu, wala haifai kuyapuuza. Aliyesimama akadai kupita kiasi amefanya zaidi ya yule ambaye hakusimama kabisa. Lakini kumshinda mtu mbaya bado si kuwa mwema. Na juu ya hiari, yatupasa kuuliza ni hiari ya namna gani. Mtu aliyezingirwa na usiku, mwenye mtoto analia, ana hiari ya jina tu. Akubali kama vile anayezama akubalivyo kushika kamba, hata ikiwa ni ya miiba.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo la namna hii katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, mahali anapofundisha juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Yeye hakuyaona malori, lakini aliwajua wanadamu. Mafundisho yake, kwa ufupi, ni haya. Ikiwa mwuzaji atapata hasara kwa kuachana na kitu chake, ni haki aihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa mnunuzi apata faida kubwa kwa sababu ya hali yake mwenyewe, na mwuzaji hana hasara yoyote, basi mwuzaji asiipandishe bei kwa sababu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu uhitaji ule si wa mwuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tuupime mfano wetu kwa kipimo hicho. Mnyororo ni wa kijana. Dizeli ni yake. Muda wake ni wake, na kama mzigo wake utachelewa kufika, hasara ile ni yake. Hata uchakavu wa gari lake ni wake, maana kuvuta lori lenye shehena si mchezo. Klachi yaweza kuungua. Gari linalovutwa, injini yake ikiwa imezimika, usukani wake huwa mzito; na kama breki zake ni za upepo, upepo ukiisha magurudumu hufunga. Tela nalo sharti lifunguliwe, livutwe peke yake kwa safari ya pili, au liachwe na mlinzi. Hayo yote ni kazi ya hatari itakayo ujuzi, na mfanyakazi astahili ujira wake. Kijana akiyahesabu yote hayo, akaongeza na faida ya halali ya mtu anayeishi kwa kazi yake, hakuna awezaye kumlaumu.

Lakini giza si lake. Simba si wake. Kilomita zile zilizobaki si shamba alilolilima yeye, wala kilio cha mtoto si bidhaa aliyoinunua kwa jumla ili aiuze rejareja. Sehemu ile ya bei iliyotoka katika hofu ya mzee, na si katika jasho la kijana, ameiuza bila kuwa nayo. Kwa lugha iliyo wazi, ameichukua mali ya mwenzake.

Katika mfano wa Msamaria Mwema wako watu wawili waliomsaidia yule aliyejeruhiwa, nasi kwa kawaida humkumbuka mmoja tu. Msamaria alimhurumia, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia. Lakini yuko pia mwenye nyumba ya wageni. Yeye alilipwa dinari mbili, akaahidiwa kwamba kitakachozidi atalipwa Msamaria atakaporudi. Bwana wetu hamlaumu kwa kupokea malipo. Basi si kila msaada lazima uwe wa bure, na njiani wanahitajiwa wote wawili, mwenye huruma na mwenye nyumba mwaminifu. Ambaye hatumkuti katika mfano ule ni mwenye nyumba aliyemtazama mgonjwa, akaona kwamba hawezi kwenda penginepo, akazidisha bei mara kumi.

Yapo maovu yaliyo makubwa kuliko hayo. Katika barabara zetu umeenea usemi kwamba mali ya ajali haina mwenyewe. Gari likipinduka, kuna wanaokimbilia magunia kabla ya kumtazama dereva. Wanaofanya hivyo si majambazi siku zote; mara nyingine ni majirani wema, watu wa ibada, wenye watoto shuleni. Twajidanganya kwa kusema kwamba mwenye mali yuko mbali, tena ni tajiri, tena ana bima. Sote tunakumbuka yaliyotokea Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wengi wakalikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu marehemu, ambao wengi walikuwa wanyonge, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakipita tu. Twalitaja ili tujiulize sisi tulio hai: je, tumewafundisha watoto wetu kwamba gari lililoanguka ni mtu aliyeanguka, au tumewaacha wajifunze kwamba ni ghala lililofunguka?

Wako watakaosema: "Nasi tunaogopa. Wapo wahalifu wanaojifanya wameharibikiwa ili watuibie." Hofu hii ina msingi, wala hakuna wajibu wa kuiweka hatarini familia yako kwa upumbavu. Lakini busara yatuzuia kusimama gizani peke yetu, haituzuii kusaidia. Asiyeweza kusimama aweza kupiga simu. Aweza kulijulisha lango la hifadhi lililo mbele, au kituo cha polisi, au hata mwenye duka la kwanza atakayemkuta: "Nimeacha watu mahali fulani, wana mtoto." Neno hilo halimgharimu kitu. Ambaye halisemi, kesho asiseme kwamba alizuiwa na hofu.

Naye aliyeharibikiwa ana wajibu wake, kwa maana umaskini wa njiani haumfungui mtu kutoka katika sheria ya upendo. Aweke alama zake za pembetatu mbele na nyuma, mbali ya kutosha, na kama hana, akate matawi ayatandaze barabarani, kama madereva wetu wafanyavyo, ili anayekuja kwa mbio aonywe mapema. Akiweka mawe kuzuia magurudumu, ayaondoe kabla hajaondoka. Ni mara ngapi mtu amesaidiwa, akawasha gari kwa furaha, akayaacha mawe yale katikati ya njia, na usiku ule ule mwendesha pikipiki akayagonga? Mtu wa namna hiyo amepokea huruma kwa mkono wa kulia na kuacha mauti kwa mkono wa kushoto.

Tena alipe alichoahidi, naye asijifanye maskini kuliko alivyo ili apunguziwe ujira wa halali wa fundi. Na hapa Mtakatifu Thomas aongeza neno zuri: aliyepata faida kubwa kwa msaada wa mwenzake aweza, kwa moyo wake mwenyewe, kumwongezea kitu juu ya bei, na kufanya hivyo ni uungwana wake. Tazameni tofauti. Fedha ile ile ambayo kijana hakuwa na haki ya kuidai, mzee anao uhuru wa kuitoa. Ikinyang'anywa ni dhuluma. Ikitolewa ni shukrani. Dhuluma huwafanya watu wawili waachane wakiwa maadui, na shukrani yaweza kuwafanya ndugu, ambao kila wapitapo njia ile watakumbukana.

Nchi hii ina sababu zake za kulielewa jambo hili. Mwezi Novemba 1965, walowezi wa Rodeshia walipojitangazia uhuru wao wa wachache, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita huko kwa reli. Nchi nzima ikawa kama msafiri aliyekwama. Tanzania, nayo ikiwa maskini, ilifungua bandari yake na barabara yake. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya, katika njia ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva waliita safari ile mbio za jehanamu, na magari mengi yalibaki mabondeni. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Barabara ile tunayoipita leo kwa starehe ilipata sifa yake kwa kumsaidia jirani aliyekwama.

Na watu wa Kilosa nao wanajua. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu wakayahama makazi yao, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wenyeji hawakwenda safari, lakini wakawa kama wasafiri, wakihitaji mahema, chakula na mikono ya wageni. Basi si lazima mtu asafiri ili akwame. Mara nyingine maji humfuata nyumbani kwake.

Tukirudi sasa kwa yule baba wa Njombe, twaona jambo moja ambalo huenda yeye mwenyewe aliliona usiku ule pale Mikumi, mtoto alipokwisha kulala. Lori lake lilikuwa gari la kuvuta. Siku zote lilitangulia, na tela likafuata. Jioni ile mvutaji mwenyewe alihitaji kuvutwa. Ndivyo ilivyo kwetu sote. Baba avutaye familia, mwalimu avutaye darasa, padre avutaye parokia, kila mmoja atafika mahali ambapo injini yake itanyamaza, kwa ugonjwa, kwa uzee, au kwa huzuni, na hapo atautazama mkono utakaomjia akiwa na mnyororo.

Basi tujiulize tukiwa bado tuna nguvu: siku hiyo tungependa mkono ule utudai nini? Jibu tutakalolitoa ndilo tulitumie sisi leo kwa yule tutakayemkuta njiani, na wazazi waliseme mezani mbele ya watoto wao. Kijana wa mnyororo naye hajachelewa. Njia ya Mikumi ni ndefu, na kesho atapita tena.