Filta, Fundi na Dhamana

Hapa Isiolo ukionekana umeinamia boneti na spana mkononi, utaambiwa una mkono wa birika: "Si umpe fundi, naye apate ya unga?" Nimeipima hoja hiyo na naona inamdunisha fundi. Kumlipa mtu kwa kazi isiyokushinda ni sadaka, na sadaka tunajua kuitoa bila kuisingizia filta.

Kinachonihangaisha mimi ni dhamana. Filta ya dizeli huzuia maji na uchafu. Kwa gari kama langu, kuibadilisha si kazi kubwa: unafungua ya zamani, unafunga mpya, unapiga pampu ya mkono hadi hewa yote itoke. Hewa ikibaki, injini inazima. Sasa nimebeba watu kwenda Marsabit, jua linatua, gari ikazima kabla ya Laisamis. Risiti ya gereji itanipa mtu wa kulaumu. Abiria itawapa nini? Roho zao walinikabidhi mimi, fundi wangu hawamjui. Nikiwa nimeifunga mwenyewe, hata pale kwa mwanga wa simu naweza kuirudia.

Injekta, lakini, sigusi. Hizo nampelekea fundi, na bei yake sibishani nayo.