Chifu wa Mandera na Mzazi wa Matisi

Mzazi wa Matisi, hapa Kitale, akisikia habari za vijana wanaovuka mpaka wa Somalia kwenda kujiunga na Al-Shabaab, huona ni mambo ya Mandera, Garissa na Mombasa. Huku kwetu shida ni bei ya mahindi, mkopo wa bodaboda na karo ya shule. Basi na asikie kisa cha mzazi mwenzake, chifu mmoja wa Mandera.

Chifu huyo alikuwa na mwana wa kujivunia. Abdirahim Abdullahi alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu mwaka 2013. Baadaye akatoweka nyumbani. Baba hakuficha wala hakuona aibu. Alikwenda kupiga ripoti kwa serikali, serikali ile ile iliyomwajiri, akasema anahofia mwanawe ameingia Somalia. Polisi walikuwa bado wanamsaka kijana, baba akiwasaidia, ilipofika alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Wenye bunduki wa Al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliotolewa usingizini mabwenini. Siku chache baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza kwamba mmoja wa wauaji alikuwa mwana wa chifu.

Wapo wanaouliza: si wangemnyang'anya pasipoti mapema? Uwezo huo serikali inao. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inampa kila raia haki ya pasipoti, na inaruhusu asimamishiwe au anyang'anywe kwa mujibu wa sheria ya Bunge tu. Sheria yenyewe ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Lakini kuomba pasipoti ni kazi: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, mdhamini, alama za vidole. Kufika mpakani, El Wak au Mandera, kunataka nauli ya basi tu. Mpaka wetu na Somalia una urefu wa kilomita 680 hivi, na njia za panya hazina dirisha la kugongewa muhuri. Bunge lenyewe lilikiri hivyo mwezi Desemba 2014 lilipoongeza kifungu kinachomhesabu kuwa amekwenda kufundishwa ugaidi mtu anayeingia nchi iliyotajwa kuwa ya mafunzo ya ugaidi bila kupitia kituo rasmi cha uhamiaji. Hata Uingereza, yenye mitambo yote ile, ilishindwa: mwaka 2015 Shamima Begum, msichana wa miaka 15, alipanda ndege London kuelekea Syria akitumia pasipoti ya dada yake.

Tena uwezo huo huteleza ukaangukia wasiohusika. Februari 2018, baada ya kiongozi wa upinzani Raila Odinga kula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, Idara ya Uhamiaji ilisimamisha pasipoti za watu wa upinzani waliokuwa wakikosoa serikali. Hakuna aliyekuwa akielekea Somalia. Ilibidi Mahakama Kuu iingilie kati. Kwa hiyo mimi naunga mkono pasipoti ya mshukiwa izuiwe, ila kwa ushahidi, na jaji aangalie.

Nirudi Matisi. Msichana ambaye serikali ilitangaza kumsaka kwa shambulio la Riverside, Nairobi, Januari 2019, alisomea uanahabari Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale Kakamega. Watoto wetu wa Kitale na Bungoma husoma huko huko, wakapanga vyumba huko, wakapata marafiki ambao hatujawahi kuwaona. Mtoto akianza kuuza godoro na vyombo vyake bila sababu, akibadilisha laini ya simu mara kwa mara, akisema amepata kazi nchi ya nje lakini mwajiri hana jina, mzazi amwulize siku hiyo hiyo. Asingoje likizo.

Akishauliza, aende wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Pwani na kaskazini mashariki, mashirika ya haki za binadamu yameandika habari za vijana waliochukuliwa na watu wanaodhaniwa kuwa polisi, wasionekane tena. Mama aliyesikia hayo hunyamaza, na siwezi kumlaumu. Anaogopa kumpeleka mwanawe kaburini kwa mdomo wake mwenyewe.

Baada ya shambulio la Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, aliwapa waliokwenda Somalia siku 10 wajisalimishe wasamehewe, katika ofisi za serikali za Nairobi, Garissa na Mombasa. Siku 10 haziwezi kumtosha mama anayehangaika kumshawishi mtoto arudi, na magharibi ya nchi hatukutajwa. Kitale inahitaji ofisi ya namna hiyo, wazi mwaka mzima, ambako mzazi ataandikisha hofu yake na kupewa karatasi yenye nambari na jina la afisa aliyempokea, ili mwanawe akikamatwa ajue pa kumfuata, na wakili amkute hai.