Haki ya Kujibu

Mwaka 2011, katika mahakama moja ya Luton, Uingereza, mtu alikuwa akishtakiwa kwa kujeruhi. Wanajuri, raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, walionywa wasitafute habari zake kwenye intaneti. Mmoja akatafuta, akakuta kwamba mshtakiwa aliwahi kutuhumiwa ubakaji, akawasimulia wenzake. Kesi ikavunjika. Mwaka uliofuata mwanajuri huyo akafungwa miezi 6.

Hakubuni kitu wala hakupokea rushwa. Ikiwa mahakama hutafuta ukweli, kosa liko wapi katika kujua zaidi?

Kosa ni kwamba alijua jambo ambalo mshtakiwa hakupata nafasi ya kulijibu. Neno lililotamkwa mbele ya mshtakiwa laweza kukanwa, kufafanuliwa, kudaiwa ushahidi. Lililonong'onwa kwenye chumba cha faragha humhukumu mtu bila kumwita. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na ndivyo inavyokuwa kwa habari isiyo na wa kuipinga: huonekana kweli tupu, hata ikiwa nusu kweli. Kwa hiyo uadilifu wa mwanajuri hautimii kwa nia njema. Nia njema ndiyo humsukuma kuchunguza kivyake, akiamini anaisaidia haki.

Nchini Tanzania, jaji wa Mahakama Kuu anaweza kusaidiwa na wazee wa baraza, ambao humshauri tu, naye halazimiki kufuata maoni yao. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya kesi za mauaji kwa sababu wazee waliwabana mashahidi kwa maswali ya dodoso. Mzee anaruhusiwa kuuliza ili aelewe. Akiuliza ili kumwangusha shahidi, amekwisha kuchagua upande, na mshtakiwa hana tena mtu wa kumsikiliza.

Wapo watakaosema kanuni hizi huwaponya wahalifu na kuwachosha waathirika, ambao kesi ikirudiwa hulazimika kusimulia upya maumivu yao. Gharama hiyo ni kubwa, na haifai kubezwa. Lakini tukikubali mtu ahukumiwe kwa jambo asilolijua, hatutakuwa na namna ya kumtofautisha mwenye hatia na aliyesingiziwa, maana tofauti hiyo hujitokeza pale tu mtuhumiwa anapopata nafasi ya kujibu. Nafasi hiyo tunapaswa kuilinda kwa nguvu zaidi tunapokuwa na hakika kwamba mtu ana hatia, kwa kuwa hakika ndiyo hutufanya tuone hakuna haja ya kumsikiliza.